Tupime Kuni Kwanza, Makofi Baadaye

Somo la vikundi: namna ya kuandaa siku ya nishati kijijini



Kila inapokaribia tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, vikundi vingi hutujia na ombi lile lile: "Mwalimu, tusaidie kupanga sherehe. Tunataka hema, kipaza sauti na mgeni wa heshima." Ni jambo jema. Lakini safari hii ningependa tuanze na swali lingine. Mgeni akishakwenda zake, ni nini kitakuwa kimebadilika jikoni kwa mama?

Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kukosea.

Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia kikundi kimoja cha akina mama kuandaa siku kama hiyo. Tulikodisha hema na viti. Tulichapisha fulana. Chifu alikuja, watoto wa shule waliimba, hotuba zikaendelea hadi saa tisa. Mwishoni tukagawa majiko ya kuokoa kuni, bure. Watu walipiga makofi, nami nikaenda kuandika ripoti nzuri.

Baada ya miezi mitatu nilirudi nikatembelea boma nane. Ni katika boma mbili tu nilikuta jiko lina majivu ya jana. Kwingine lilikuwa limewekwa stoo. Kwa nyanya mmoja nilikuta kuku ameatamia mayai ndani yake. Nilipomwuliza kulikoni, hakunificha:

"Mwanangu, jiko lako ni zuri, lakini mdomo wake ni mdogo. Sufuria yangu ya githeri haikai. Halafu linataka kuni zilizopasuliwa, na shoka la hapa hushikwa na mzee. Siku ile mlipokuja hamkuniuliza mimi napika nini."

Niliona haya. Tena pesa za hema na fulana zilikuwa zimetoka katika akiba ya kikundi, shilingi ambazo akina mama walichanga kidogo kidogo kila wiki. Mwaka uliofuata walipoitwa tena kwa habari ya mazingira, waliokuja walikuwa wa kuhesabika. Kupoteza imani ya watu ni hasara kubwa kuliko majiko yenyewe.

Basi somo la leo ni hili: siku ya nishati iwe siku ya kupika na kupima. Hotuba zije baadaye, kama muda utabaki.

KWA NINI JAMBO HILI SI MCHEZO

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyumba zote za Kenya, asilimia 55.1, hupika kwa kuni. Mashambani ni nyumba nane na zaidi katika kila kumi. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya kuni tunazungumza juu yetu wenyewe.

Moshi wa jikoni unaua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kutokana na hewa chafu ya moto wa nyumbani. Watoto wadogo hupata nimonia, na akina mama hupata magonjwa ya mapafu na ya moyo. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Taabu ya moshi nayo aijuaye ni mpishi.

Tena kuni zinazidi kuwa mbali. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, kwa sababu mito ilikuwa inakauka. Waliozoea kutegemea msitu walijionea wenyewe: kama huna mti kwenye mpaka wa shamba lako, utanunua kuni au utalala bila moto.

TUNA NISHATI GANI?

Hakuna moto mmoja unaofaa kila nyumba. Kabla ya kuchagua, kikundi kijue uzuri na ubaya wa kila mmoja.

Kuni katika jiko bora. Jiko la udongo lililoitwa Maendeleo, ambalo wengine hulijua kwa jina la Upesi, lilienezwa miaka ya 1980 kupitia kwa akina mama wa Maendeleo ya Wanawake. Ni chungu cha udongo wa mfinyanzi ambacho hujengewa jikoni kwa mawe na matope. Moto unafungwa ndani, haupeperushwi na upepo kama kwenye mafiga. Linafaa nyumba yenye miti yake. Ubaya wake: linataka kuni ndogo zilizokauka, na mdomo ulingane na sufuria.

Makaa ya vumbi. Pale sokoni makaa yanapouzwa hubaki vumbi jingi ambalo hutupwa. Lichekeche, kisha changanya makopo manne ya vumbi na kopo moja la udongo wa mfinyanzi uliolowekwa. Wengine hutumia uji mzito wa unga wa muhogo, au karatasi zilizolowekwa. Finyanga matonge, yaanike juani mpaka yakauke kabisa. Watafiti waliopika githeri ya watu watano jijini Nairobi, miaka ya mwanzo ya 2010, walipata kwamba kwa makaa ya vumbi gharama ilikuwa shilingi 3, kwa makaa ya kawaida shilingi 26, na kwa mafuta ya taa shilingi 45. Bei hizo ni za wakati ule, lakini tofauti mnaiona. Ubaya wake: hukawia kushika moto. Yanafaa githeri, hayafai chai ya asubuhi ya mtoto anayekimbilia shule.

Gesi ya samadi, yaani bayogesi. Inahitaji ng'ombe wawili au watatu wanaofugwa zizini, na maji kila siku: debe moja la samadi kwa debe moja la maji. Haina moshi, na tope linalotoka ni mbolea safi ya sukuma wiki na napia. Ubaya wake: ujenzi ni ghali. Ukiuza ng'ombe, umeuza na moto. Na kama maji yanatoka mtoni kwa kichwa cha mama, msimwongezee mzigo mkidhani mnampunguzia.

Gesi ya mtungi. Ni safi na ni ya haraka, inafaa chai na mboga. Ubaya wake: mtungi ukiisha, pesa za kujaza zinahitajika mara moja. Mtungi usimame wima mahali penye hewa. Ukisikia harufu ya gesi usiwashe kiberiti. Funga mtungi, fungua mlango na madirisha.

Kikapu cha kupikia. Hiki hakileti moto, lakini kinauhifadhi. Kikapu kikubwa kinawekwa matambara, majani makavu au blanketi kuukuu pande zote. Chemsha githeri vizuri, funika sufuria, itumbukize kikapuni, ifunike kwa mto. Chakula kitaendelea kuiva chenyewe huku wewe uko shambani. Ubaya wake: ukifungua fungua kuangalia, joto linatoka. Maharagwe nayo lazima yachemke sana kwanza.

Onyo kwa wote: msiingize jiko la makaa, hata ya vumbi, katika chumba cha kulala kilichofungwa. Makaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke.

SIKU YENYEWE: TUPIKE NA TUPIME

Mnahitaji mizani ya kuning'iniza, kama ile ya kituo cha majani chai. Mnaweza kuazima. Mnahitaji pia ubao na chaki, na mafiga kando ya majiko mnayotaka kujaribu.

1. Jioni ya kuamkia siku hiyo, loweka mahindi na maharagwe. Kila mpishi apate kiasi kile kile, tuseme gorogoro moja.

2. Kila mpishi atumie sufuria inayolingana na ya mwenzake, yenye kifuniko, na maji ya kiasi kimoja.

3. Kuni zitoke kwenye rundo moja, ziwe kavu. Pima kilo 5 kwa kila mpishi, andika ubaoni.

4. Wapishi wawe ni watu wanaolijua jiko lao. Mtu anayepika kwa jiko geni kwa mara ya kwanza atashindwa, na jiko litalaumiwa bure.

5. Wote wawashe wakati mmoja. Katibu aandike saa ya kuwasha na saa ya kuiva. Nyanya mmoja anayeheshimika awe ndiye wa kuonja na kusema, "Imeiva."

6. Zima moto. Pima kuni zilizobaki. Makaa yaliyobaki yapimwe kando, kwa maana yanaweza kutumika tena.

7. Toa hesabu mbele ya watu wote. Kisha mle hiyo githeri.

Waiteni wanaume, na wasikae kwenye viti vya mbele tu. Wapeni kazi ya kupasua kuni na kushika mizani. Mwenye shoka na mwenye pochi akiona kwa macho yake, mazungumzo ya nyumbani usiku yatakuwa mepesi. Wawekeni watoto mbali na moto, na ndoo ya maji iwe karibu.

HESABU YA MFANO

Tuseme mafigani zilibaki kilo 1.5 kati ya 5. Zilizotumika ni kilo 3.5. Kwenye jiko zilibaki kilo 3. Zilizotumika ni kilo 2. Tofauti ni kilo 1.5 kwa sufuria moja.

Kama nyumba inapika githeri mara nne kwa wiki, ni kilo 6 kwa wiki. Kwa wiki nne ni kilo 24. Sasa mwulizeni mama yeyote mzigo wake mmoja wa kuni una uzito gani. Kama ni kilo 20, ameokoa safari moja nzima na zaidi kila mwezi. Kama ananunua, ameokoa bei ya mzigo huo. Haba na haba hujaza kibaba.

Hiyo ni mifano tu. Ninyi andikeni hesabu yenu. Na ikitokea kwamba jiko halikuokoa kitu, semeni hivyo hivyo hadharani. Afadhali kujua leo na githeri ya gorogoro moja kuliko kujua kesho na akiba ya kikundi imekwisha.

KAZI KUBWA NI BAADA YA SIKU HIYO

Profesa Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, alianza Siku ya Mazingira Duniani kwa kupanda miti Nairobi. Baadaye akina mama waliootesha miche walilipwa fedha kidogo kwa kila mche, na malipo hayo yalitolewa kwa mche ulioshika ukaishi. Kuchimba shimo peke yake hakukutosha. Mnaona hekima hiyo? Ilibidi mtu arudi kuangalia.

Tarehe 13 Novemba 2023 Kenya nzima ilipewa likizo ya kupanda miti. Ilikuwa siku njema. Lakini mche hauli likizo. Unataka maji mwezi wa Januari kukiwa na jua kali. Jiko nalo ni vivyo hivyo.

Kwa hiyo kikundi kichague watu watatu wa kutembelea nyumba: baada ya wiki mbili, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi mitatu. Wasiulize, "Unalipenda jiko?" kwa maana watu wetu wana adabu, watajibu ndiyo. Waombe kuona jikoni. Majivu hayadanganyi. Kama halitumiki, wasigombane na mwenye nyumba. Waulize, "Mama, ni nini kinakusumbua?" Wakati mwingine dawa ni jiko lenye mdomo mkubwa. Wakati mwingine ni shoka. Wakati mwingine ni baridi ya jioni: watoto huota moto wa mafiga, na jiko halina joto la kuwatosha wote. Hayo yote ni majibu ya kweli, na kikundi kitayajua tu kikienda kuyasikia.

Na jiko lisitolewe bure kabisa. Mwenye nyumba achangie, hata kama ni kwa kulipa kidogo kidogo au kwa kuleta mawe na udongo wa kujengea. Mtu hutunza alichotolea jasho.

Mwisho, pandeni kuni zenu. Kaliandra ikipandwa kwenye ua au kingo za matuta hukatwa ikachipua tena. Majani yake hulisha ng'ombe, fito zake ni kuni. Mgrivea nao hupogolewa matawi huku shina likiendelea kukua kuwa mbao.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika nyumba zetu, ni nani hutafuta kuni, na ni nani huamua pesa za kununua jiko au mtungi?

2. Ni chakula gani kinatumalizia kuni zaidi? Ni jiko gani linalofaa chakula hicho?

3. Tukumbuke sherehe ya mwisho tuliyofanya. Pesa zilitumika kwa nini, na ni nini kilichobaki nyumbani kwetu?

4. Ni nani kati yetu alipewa kitu kizuri asichokitumia? Asimulie sababu bila aibu.

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mwanachama apime mizigo yake ya kuni kwa wiki mbili, akiandika katika daftari: siku, kilo, na saa alizotumia kutafuta au shilingi alizolipa. Asiyejua kuandika asaidiwe na mtoto wake. Mweka hazina ajumlishe hesabu za wote. Mkishapata jumla hiyo, ndipo mkae kupanga siku yenu, na mzigo wa kwanza kuandikwa ubaoni uwe ule wa nyanya mzee kuliko wote katika kikundi.