Jifunze Kupiga Hesabu ya Bima ya Afya Kabla ya Kulipa

Mkulima wa viazi Mau Narok na mfanyakazi wa shamba la maua Naivasha hawana mapato sawa, lakini swali lao ni moja: ni bima ipi itaikinga familia yangu bila kunifilisi? Somo hili linaonyesha namna ya kulipigia hesabu.

1. Mchango wa SHA

Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF. Kujisajili ni lazima, hata kwa aliye na bima ya kibinafsi. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla ya makato mengine. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Cha juu hakuna.

- Mshahara wa 10,000: SHA 300 (NHIF ilikuwa 400)
- Mshahara wa 20,000: SHA 550 (NHIF ilikuwa 750)
- Mshahara wa 100,000: SHA 2,750 (NHIF ilikuwa 1,700)

Asiye na mshahara, kama mwendesha boda boda au mama mboga, hujibu maswali kuhusu hali ya kaya yake, kisha mapato yake hukadiriwa. Kaya iliyokadiriwa shilingi 180,000 kwa mwaka itachangia 4,950. Pesa hizi hulipwa kwa mwaka, na hapo ndipo wengi hukwama. Mkulima, tenga mchango wako viazi vinapouzwa, usingoje mgonjwa alazwe.

2. Bima ya kibinafsi

Hapa bei hutegemea umri, idadi ya wategemezi na kikomo cha matibabu. Kabla ya kutia sahihi, uliza:

- Kikomo ni cha kila mtu au cha familia nzima?
- Matibabu ya kutolazwa yamo, au yanalipiwa kando?
- Muda wa kungoja ni miezi mingapi kwa uzazi na kwa magonjwa niliyo nayo tayari?
- Hospitali zilizo karibu nami zinaikubali?

3. Linganisha kwa bili, si kwa mchango pekee

SHA huilipa hospitali 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Tuseme hospitali ya kibinafsi inatoza 70,000 kwa upasuaji. Uliza mapema ni nani atakayelipa zile 40,000 zinazobaki. Bima ya kibinafsi nayo, ikiwa muda wa kungoja haujaisha, huenda isilipe chochote. Mama mjamzito aulize mambo haya akiwa kliniki, si siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Kumbuka pia kwamba huduma katika zahanati na vituo vya afya vya umma hugharamiwa na Hazina ya Afya ya Msingi. Anayehitajika hapo ni mtu aliyejisajili, hata kama hajachangia.

Jipime

1. Mshahara wako ni 36,000. Utakatwa ngapi kwa mwezi?
2. Kaya imekadiriwa 240,000 kwa mwaka. Itachangia ngapi?

Majibu: (1) 990. (2) 6,600.

Kujisajili, piga *147# ukiwa na kitambulisho chako. Hakikisha mwenzi wako na watoto wameongezwa kwenye akaunti. Asiyeandikwa hatapatikana kwenye mtambo siku ya kuugua.