OCHONG'A: TUSINUNUE MCHANGA

Ndugu wanakikundi, ochong'a ni uduvi mdogo wa Ziwa Victoria anayenaswa pamoja na omena. Ziwani hula mabaki yanayooza, kwa hivyo husaidia kusafisha maji. Akikaushwa, ana protini nyingi ya kuwalisha kuku na samaki wa bwawani.

Sisi wa Rangwe tuko mbali kidogo na ufuo, tunamnunua kavu. Shida ni kwamba akianikwa chini, mchanga nao hupimwa kwenye mzani!

Kabla ya kulipa:
1. Tia konzi moja ndani ya glasi ya maji.
2. Koroga, ngoja kidogo.
3. Angalia chini. Mchanga hutua kwanza.

Mchanga ukiwa mwingi, msinunue. Pesa ya kikundi ni jasho la wengi.

Swali la kujadiliana: Nani atabeba glasi siku ya soko?