Redio ya Kisasa Ndani ya Volkswagen Beetle ya Zamani: Maswali na Majibu

Redio ya gari ya siku hizi inataka vitu vitatu: umeme wa volti 12 ambao hasi yake imefungwa kwenye bodi, nafasi ya kukaa yenye upana wa milimita 180 na kimo cha milimita 50, na spika ambazo waya zake hazigusi bodi mahali popote. Volkswagen Beetle ya miaka ya 1950 na 1960 mara nyingi hukosa kimoja kati ya hivyo, na nyingine hukosa vyote. Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, na lilitengenezwa hadi tarehe 30 Julai 2003, lilipotoka la mwisho katika kiwanda cha Puebla, Meksiko, likiwa la 21,529,464. Yaliyobaki na dashibodi yake ya chuma bila kukatwa yanapungua. Kwa hiyo majibu yanayofuata yanasimamia kanuni mbili: umeme utangulie sauti, na kila kinachofungwa kiweze kufunguliwa bila kuacha kovu.

Gari ni la volti 6 au 12? Itajulikanaje?

Betri yenyewe inasema. Ukinyanyua kiti cha nyuma utaiona. Betri ya volti 6 ina vifuniko vitatu vya kuongezea maji, kwa kuwa ina seli tatu; ya volti 12 ina vifuniko sita. Ikiwa ni betri iliyozibwa, kipimo cha umeme kitatoa jibu: betri nzima iliyopumzika husoma takribani 6.3 au 12.6.

Mwaka wa gari hautoshi kuwa ushahidi. Beetle zilizopelekwa Marekani zilianza kuja na volti 12 kwa modeli ya 1967. Masoko mengine yalifuata baadaye, na toleo la bei nafuu la 1200 likaendelea na volti 6 kwa miaka kadhaa zaidi. Tena magari mengi yamekwisha kubadilishwa na mafundi njiani, baadhi nusunusu, taa zikiwa za volti 12 na mota ya waipa ikiwa bado ya volti 6. Kila kifaa kikaguliwe kabla ya redio kununuliwa.

Gari la volti 6 linaweza kupiga redio ya volti 12?

Linaweza, kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuweka kibadilishi kinachopandisha volti 6 kuwa 12 kwa ajili ya redio peke yake. Gari linabaki kama lilivyotoka kiwandani, lakini mzigo lazima uwe mdogo. Kila ampea moja inayotoka upande wa volti 12 hula zaidi ya ampea mbili upande wa volti 6. Dainamo ya Beetle ya volti 6 hutoa kiasi cha wati 180, sawa na ampea 30, na taa kubwa mbili za wati 45 zinachukua nusu yake. Redio ya kibadilishi basi iwe ya sauti ya kawaida, isiyo na amplifaya ya ziada.

Njia ya pili ni kuligeuza gari zima kuwa la volti 12: dainamo na regulata yake, betri, koili, balbu zote, kikatishaji cha indiketa, na mota ya waipa. Kazi hii ni kubwa na gharama yake ni kubwa, lakini taa nazo hunufaika. Anayetaka redio tu hana sababu ya kuifanya.

Dainamo ya volti 12 inamudu redio ya wati ngapi?

Maandishi ya "4 x 50W" kwenye uso wa redio yasimtishe wala kumdanganya mtu. Ukweli uko kwenye fyuzi iliyo nyuma yake. Fyuzi ya ampea 10 kwenye volti 14 hupitisha wati 140 tu. Wati 200 haziwezi kutoka mfululizo mahali zilipoingia 140. Redio nyingi za aina hiyo hutoa kweli kama wati 20 kwa kila spika, na ndani ya Beetle hizo zinatosha.

Dainamo ya volti 12 hutoa ampea 30 injini ikiwa na kasi. Injini ikinguruma polepole kwenye foleni, haitoi karibu chochote, na taa nyekundu ya chaji ndani ya spidomita huanza kuwaka hafifu. Wakati huo redio, taa na waipa vinakula betri. Ndiyo maana amplifaya kubwa ya besi haifai gari la dainamo. Anayehitaji nguvu ya ziada achague amplifaya ndogo ya daraja D, ambayo hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa sauti badala ya joto, au kwanza afunge altaneta, ambayo Beetle ilianza kuwekewa kiwandani miaka ya 1970.

Redio ikae wapi bila kukata dashibodi?

Tundu la redio la Beetle ya zamani lilitengenezwa kwa redio ya vitufe viwili vya kuzungusha: matundu mawili ya duara pembeni na dirisha dogo katikati. Redio ya kisasa ya milimita 180 kwa 50 haiingii hapo mpaka chuma kikatwe, na chuma kikishakatwa, kukirudisha ni kazi ya kuchomelea, kupiga pasta na kupaka rangi dashibodi nzima. Njia zisizokata ni nne:

1. Redio yenye sura ya zamani na mambo ya ndani mapya. Vitufe vyake viwili husogezwa vilingane na matundu yaliyopo, na ndani ina Bluetooth na mlango wa USB.
2. Redio ya awali iliyofumuliwa na kuwekewa bodi mpya ya kielektroniki. Uso, vitufe na kioo hubaki vilevile, na sauti ya simu hupitia humo.
3. Redio ya kawaida iliyofichwa kwenye sanduku la glovu au ndani ya kisanduku kilichofungwa chini ya dashibodi kwa skrubu zinazotumia matundu yaliyopo.
4. Amplifaya ndogo yenye Bluetooth chini ya kiti, bila redio yoyote kuonekana. Simu ndiyo inayoongoza kila kitu.

Hata Porsche, iliyoanza kuuza mwaka 2020 redio mpya yenye skrini kwa ajili ya 911 zake za zamani, iliitengeneza iingie kwenye nafasi ileile ya redio ya awali. Yeyote atakayechagua redio ya dashibodi aishikilie pia kwa nyuma kwa ukanda wa chuma. Redio inayoning'inia kwa uso wake tu hutikisika kwenye barabara ya vumbi hadi tundu lipanuke.

Waya gani uungwe na upi?

Hapa ndipo magari mengi ya Kijerumani yanapochomwa. Kiwango cha DIN 72552 huzipa nyaya namba: 30 ni umeme wa betri wa muda wote, 15 ni umeme unaokuja baada ya kuwasha swichi, 31 ni arthi, na 58 ni taa ndogo. Kwenye Beetle, 30 kwa kawaida ni waya mwekundu, 15 ni mweusi, 31 ni wa kahawia, na 58 ni wa kijivu. Redio ya kisasa ina rangi zake: wa njano ni umeme wa muda wote, mwekundu ni wa swichi, mweusi ni arthi, na wa machungwa ni wa taa.

Sasa fundi anayeunga rangi kwa rangi, mweusi kwa mweusi, anakuwa ameunganisha arthi ya redio na waya wa moto unaokwenda kwenye koili. Waya huo kwenye Beetle haupiti kwenye fyuzi. Swichi ikiwashwa, hakuna cha kuukata umeme. Ganda la waya huyeyuka kabla mtu hajajua moshi unatoka wapi. Muungano sahihi ni huu: wa njano kwenye 30, mwekundu kwenye 15, mweusi kwenye 31, wa machungwa kwenye 58. Kila waya upimwe kwanza kwa kipimo, kwa sababu rangi za miaka 60 hufifia, na nyaya nyingine zilikwisha kubadilishwa.

Waya wa njano upewe fyuzi yake ya ampea 10 karibu na mahali unapochukua umeme. Maungio yalehemiwe au yabanwe kwa viungio, kisha yavikwe mpira wa kinga. Tepu nyeusi peke yake haidumu: gundi yake huyeyuka juani na kuacha shaba wazi. Kabla ya yote, betri ikatwe. Nyuma ya dashibodi ya Beetle ni buti la mbele, na tangi la petroli liko humohumo. Cheche moja hapo si jambo dogo.

Na magari ambayo chanya ndiyo imefungwa kwenye bodi?

Beetle haina tatizo hilo, lakini magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, zikiwemo Land Rover za zamani na Morris Minor, yalikuwa hivyo. Redio ya kisasa ikifungwa humo kwa kufuata mazoea, ganda lake la chuma likigusa bodi, fyuzi hukatika au redio hufa papo hapo.

Kugeuza mkao si kazi ngumu kwa gari la dainamo. Betri hugeuzwa, waya mbili ndogo za koili hubadilishana, na dainamo huamshwa upya: nyaya zake hutolewa, kisha waya kutoka upande wa moto wa betri huguswa mara chache kwenye kituo chake cha F. Vichwa vya nyaya za betri navyo hubadilishwa, kwa kuwa nguzo ya chanya ni nene kuliko ya hasi. Gari lenye altaneta au kifaa chochote cha transista lisiguswe kwa njia hii, maana vitaungua.

Spika zifungwe wapi?

Tundu la spika la dashibodi ni moja. Spika yenye koili mbili za sauti huingia hapo na kubeba kulia na kushoto kwa pamoja. Hupiga safi kwa mazungumzo na muziki mwepesi, lakini haina besi ya kutosha. Besi hupatikana nyuma: ubao wa plaiwudi unaokatwa kwa vipimo vya sehemu ya mizigo iliyo nyuma ya kiti cha nyuma hubeba spika mbili za inchi 6.5, na huondolewa kwa mkono. Milango isitobolewe. Karatasi nzito ya lami chini ya zulia, karibu na injini, itaongeza usikivu kuliko wati 50 za ziada.

Kila spika ipewe nyaya zake mbili kutoka kwenye redio. Redio za kale zilitumia waya mmoja na kuifanya bodi kuwa waya wa pili. Kwenye redio ya kisasa, hasi ya spika ikigusa bodi, amplifaya ya ndani huungua.

Kwa nini redio hukwaruza injini ikiwaka?

Sikiliza namna ya kelele. Mkwaruzo wa tik-tik unaoongezeka na mwendo wa injini unatoka kwenye plagi: vifuniko vya plagi vyenye ukinzani wa ohmu 5,000 huupunguza. Mluzi unaopanda na kushuka unatoka kwenye dainamo au altaneta, na mara nyingi chanzo ni arthi mbovu. Waya wa arthi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Kapasita ya kuzuia kelele hufungwa upande wa 15 wa koili, kamwe si upande wa platini, la sivyo injini itakosa moto mzuri.

Mbona redio mpya haipati baadhi ya vituo?

Kwanza, iulizwe ilikotoka. Redio za Japani zilitengenezwa kwa FM ya megahazi 76 hadi 90, ilhali vituo vya Afrika Mashariki viko kati ya 87.5 na 108. Za Marekani huruka kwa hatua za 0.2, yaani kutoka 98.3 kwenda 98.5, na kuiacha Capital FM ya Nairobi iliyo kwenye 98.4. Nyingi zina mpangilio wa kuchagua eneo, na hapo tatizo huisha. Pili, eriali: kwa FM urefu unaofaa ni sentimita 75 hivi, na shina lake lazima libane chuma tupu cha bodi. Kutu hapo hunyamazisha redio yoyote.

Redio itamaliza betri gari likikaa?

Waya wa njano hunyonya umeme kidogo ili kuhifadhi saa na vituo. Ikiwa ni miliampea 10, kwa mwezi ni kama saa-ampea 7. Betri nzima huvumilia, iliyochoka haivumilii. Gari linaloegeshwa kwa wiki kadhaa liwekewe swichi ya kukata betri. Wakati huohuo, nguzo za betri zifunikwe: springi za kiti cha nyuma zikibonyea chini ya abiria zinaweza kuzigusa na kuwasha moto.

Redio ya zamani ifanywe nini?

Isitupwe, hata ikiwa imekufa. Ifungwe kwenye kitambaa pamoja na vitufe vyake, uso wake na skrubu zake, na ihifadhiwe mahali pakavu. Siku gari litakapouzwa au kurudishwa katika hali yake ya awali, redio hiyo pamoja na dashibodi isiyokatwa vitakuwa na thamani kuliko redio mpya yoyote.