Ulinzi wa Nyaya Wakati wa Kuchaji Gari la Umeme

Magari yaendeshwayo kwa umeme yameanza kuonekana katika barabara za Nairobi, Kigali na Dar es Salaam, na baadhi ya wenye magari hayo huyachaji nyumbani usiku. Kazi hiyo huonekana nyepesi: plagi hutiwa katika soketi, na asubuhi gari huwa tayari. Lakini usiku kucha nyaya zilizofichwa ukutani hubeba mzigo ambao huenda hazikuwekwa kwa ajili yake.

Chanzo cha hatari ni joto. Kila waya una ukinzani, na mkondo wa umeme upitapo ndani yake sehemu ya nishati hugeuka kuwa joto. Mwaka 1841 James Prescott Joule wa Uingereza alichapisha kanuni ya jambo hili: joto hulingana na kipeo cha pili cha mkondo. Yaani mkondo ukiwa mara 2, joto huwa mara 4. Ukiwa mara 3, joto huwa mara 9.

Pamoja na mkondo, muda nao una uzito wake. Birika la umeme la kilowati 2.3 katika nyumba yenye volti 230 huvuta ampea 10. Gari linalochajiwa kwa soketi ya kawaida laweza kuvuta kiasi hicho hicho. Hata hivyo, birika huchemka kwa dakika chache, kisha waya hupoa. Betri tupu ya kilowati-saa 40 huhitaji zaidi ya saa 17 mfululizo. Basi soketi iliyohimili birika kwa miaka mingi haijathibitishwa kuwa itahimili gari.

Mlinzi wa waya ni fyuzi au breka. Fyuzi huyeyuka mkondo unapozidi. Breka ya nyumbani huwa na sehemu mbili: kipande cha metali mbili zilizoshikamanishwa, ambacho hupinda kwa joto na kukata mzigo uliozidi kwa muda, na koili iwayo sumaku, ambayo hukata papo hapo panapotokea shoti. Utaratibu ni huu: mkondo wa gari usizidi kipimo cha breka, na kipimo cha breka kisizidi uwezo wa waya. Mtu ambaye breka yake ya ampea 20 hujikata kila usiku, naye akaweka ya ampea 32 pasipo kubadili waya, hajaondoa hitilafu, amemwondoa mlinzi.

Gari nalo hupewa mpaka. Kifaa maalumu cha kuchajia hulipelekea ishara inayopanda na kushuka mara 1,000 kwa sekunde. Ishara ikiwa juu kwa robo ya muda, gari huruhusiwa kuvuta ampea 15. Ikiwa juu kwa nusu ya muda, ampea 30. Lakini kifaa hicho hakijui unene wa waya uliomo ukutani.

Ipo pia hitilafu ambayo breka haiitambui, nayo ni skrubu iliyolegea ndani ya soketi. Kiungo chenye ukinzani wa omu 1, kikipitisha ampea 10, hutoa joto la wati 100 mahali padogo sana. Kwa kuwa mkondo haujazidi, breka hubaki kimya huku plastiki ikiungua. Soketi yenye joto kali, harufu ya kuungua au rangi ya kahawia isitumike tena mpaka itengenezwe.

Kwa hiyo inafaa fundi mwenye leseni avute waya wa pekee kutoka ubao mkuu wa umeme, wenye unene wa kutosha na breka yake. Ekstensheni isitumike, hasa iliyoviringwa, kwa maana joto lake halipati njia ya kutoka. Panapokuwa na shaka, mkondo upunguzwe: gari litachelewa kujaa, lakini watu wa nyumba watalala salama.