Kupanda mnara bila kizunguzungu: somo kwa watengenezaji wa michezo



Ukiwahi kupanda mnara wa msikiti wa taifa pale Old Kampala, unazijua ngazi zake. Zinazunguka na kuzunguka, na magoti huanza kulalamika mapema. Kisha unatokea juu, na Kampala yote na vilima vyake iko chini yako. Sasa tuseme wewe unayesoma kompyuta unataka kuujenga mnara huo katika mchezo wa uhalisia pepe, ule wa kuvaa miwani mikubwa inayofunika macho kabisa. Utampandishaje mchezaji?

Wengi tutampa kijiti cha kusukuma, apande ngazi moja baada ya nyingine huku ukuta ukimzunguka. Hapo utamtapisha. Sababu iko sikioni. Ndani ya sikio kuna viungo vidogo vyenye majimaji vinavyoueleza ubongo kama mwili unageuka, unapanda au umetulia. Mchezaji amesimama chumbani kwake, hivyo sikio linasema "tumetulia", na macho yanasema "tunazunguka kwenda juu". Aliyewahi kusoma simu ndani ya basi katika kona za Kabale kwenda Kisoro ameonja jambo hilo kwa kinyume chake: macho yametulia kwenye maandishi, sikio linahisi kila kona. Lakini dereva wa basi hilo mara chache hupata kichefuchefu. Anajua kona inakuja, na mikono yake ndiyo inayoikata. Kwa hiyo usimgeuze mchezaji kichwa kabla hajageuka mwenyewe, hata kama unataka sana kumwonyesha kitu kizuri.

Njia ya pili ni kumrusha: anaelekeza mkono mahali, na papo hapo yuko pale, bila mwendo wowote wa kuonekana. Half-Life: Alyx ya mwaka 2020 inamwachia mchezaji achague kati ya kurushwa na kutembea mfululizo. Google Earth VR ya mwaka 2016 ilitumia mbinu nyingine: ukiruka angani, pembe za picha hufifia, ukabaki unaona kama kwa tundu. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha kwamba kubana upeo wa macho polepole, wakati wa mwendo tu, kunapunguza kichefuchefu, na wengi wala hawatambui.

Basi tumrushe mchezaji hadi juu ya mnara tumalize? Mimi nakataa. Mandhari ile ni tamu kwa sababu umeitolea jasho. Ukimfikisha mtu juu kwa sekunde moja, umempa picha ya kutazama, na hajapanda mnara. Ningemrusha kutoka kituo hadi kituo, kila kituo na kidirisha chake, mji ukizidi kushuka, pumzi na nyayo zikisikika. Au ningempa mikono: ashike reli, ajivute. The Climb, mchezo wa kupanda majabali, unafanya hivyo, na mwili unavumilia zaidi mwendo unaotoka kwenye mkono wake wenyewe. Akifika juu, muache asimame. Hapo hakuna cha kubana wala kurusha.

Yote hayo hayasaidii kompyuta ikikwama. Picha 90 kwa sekunde maana yake ni takriban milisekunde 11 kwa kila picha. Ukishindwa kuzifikia, toa mapambo. Ukuta wa rangi moja unaofuata kichwa bila kuchelewa unaaminika kuliko vigae vya kupendeza vinavyotetemeka.

Lingine ni saa. Miwani hii inafunika jua, na sauti zake zinaweza kuifunika hata adhana. Weka saa ya kweli ukutani katika kila kituo. Kuna atakayesema inamtoa mchezaji mchezoni, lakini ndani ya mnara wa msikiti, saa ya ukutani inashangaza nani?

Mwisho, usijiamini wewe mwenyewe. Ukivaa miwani hiyo kila siku mwili unazoea, na unakuwa shahidi mbovu wa mchezo wako. Niliwahi kumjaribishia jirani yangu wa hosteli. Nilimuuliza akiwa bado ameivaa, akajibu, "Nzuri sana, ndugu yangu." Adabu ya mgeni. Dakika kumi baadaye nilimkuta amelala chali, kitambaa usoni, na alikuwa na safari ya boda hadi Ntinda. Tangu siku hiyo nauliza mara tatu: kabla, mara tu anapovua, na nusu saa baadaye. Swali langu si "umeipenda?" Namwomba aniambie tumbo na kichwa vikoje, toka sifuri hadi kumi. Na jibu likizidi tatu, boda inasubiri.