Mbawakawa wa Juni na Mabuu Wake: Jina, Kalenda na Utunzaji wa Bustani

Utangulizi

Huenda msomaji akajiuliza mbawakawa anatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba mdudu huyu huweza kuingia katika bustani zetu kwa njia ya tafsiri. Vitabu vya kilimo cha bustani na kurasa za intaneti zilizoandikwa Marekani hueleza namna ya kumkabili mdudu ambaye jina lake la Kiingereza lina maana ya mbawakawa wa Juni. Maelezo hayo yakifasiriwa neno kwa neno na kupewa mkulima wa Limuru au Kitale ambaye nyasi na mahindi yake yananyauka, atayafuata kwa uaminifu. Atanunua dawa, ataisubirisha hadi Juni, na mimea itaendelea kufa.

Dai la makala haya ni kwamba jina la mdudu huyu ni kalenda. Anayefasiri jina bila kuifasiri kalenda humpoteza mkulima. Tutaanza kwa kumweleza mdudu huko kwao, kisha tueleze namna ya kumtambua na kumdhibiti, na mwisho tutazame jamaa zake walio hapa kwetu.

Jina na wanaoitwa

Jina la mbawakawa wa Juni hutumiwa hasa kwa wadudu wa jenasi ya Phyllophaga, yenye mamia ya spishi katika mabara ya Amerika. Jina hilo la kisayansi limeundwa kutokana na Kigiriki, na maana yake ni mla majani. Mdudu mwenyewe aghalabu huwa na rangi ya kahawia na urefu wa sentimita 2 hivi. Hutoka ardhini giza linapoingia, hula majani ya miti usiku, na huvutwa mno na taa. Ameitwa wa Juni kwa sababu katika sehemu nyingi za Marekani na Kanada huonekana kwa wingi mwezi wa Mei na Juni, ardhi inapopata joto baada ya majira ya baridi. Wajerumani nao wana jamaa yake wanayemwita Maikäfer, yaani mbawakawa wa Mei. Kila jamii imempa mdudu wake jina la mwezi ambao yeye humtembelea.

Hata huko Marekani jina hilo lina utata. Yupo mbawakawa mwingine, Cotinis nitida, ambaye pia huitwa wa Juni. Huyu ni wa kijani, huruka mchana, na hupenda matunda yaliyoiva. Mabuu wake hula zaidi samadi na mabaki ya mimea yanayooza, ilhali mabuu wa Phyllophaga hula mizizi iliyo hai. Basi jina moja limebeba wadudu wawili wenye tabia tofauti, na dawa ya mmoja si lazima imfae mwenzake.

Mzunguko wa maisha

Mbawakawa hupitia hatua nne: yai, buu, pupa na mdudu kamili. (Pupa hii ni istilahi ya kibiolojia, haina uhusiano na ile pupa ya mla kwa haraka, ingawa tutaona kwamba hiyo ya pili nayo ina madhara bustanini.) Jike hutaga mayai udongoni, hasa penye nyasi. Baada ya wiki chache mayai huanguliwa. Buu huwa mweupe au wa rangi ya maziwa, ana kichwa cha kahawia na jozi tatu za miguu, na hujikunja mfano wa herufi C.

Kwa spishi nyingi za kaskazini mwa Marekani, mzunguko huu huchukua miaka 3. Mwaka wa kwanza buu angali mdogo na madhara yake ni machache. Majira ya baridi yakija, hushuka chini zaidi ardhini na kutulia. Mwaka wa pili hupanda tena karibu na mizizi akiwa na njaa na nguvu. Huu ndio mwaka wa hasara kubwa. Mwaka wa tatu hula kwa muda mfupi, huwa pupa, kisha hugeuka mdudu kamili kabla ya baridi. Hata hivyo hatoki. Hubaki katika chumba chake cha udongo hadi majira ya kuchipua ya mwaka unaofuata.

Kutokana na maelezo haya, mbawakawa anayejigonga kwenye taa ya barazani amekwisha kumaliza kula mizizi. Aliyeharibu bustani yuko chini ya ardhi, na huenda ni mdogo wake wa mwaka mwingine. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako; katika bustani, kiko chini ya nyayo zako. Anayempulizia dawa mdudu wa taani hupambana na kivuli.

Dalili na utambuzi

Dalili ya kwanza ni nyasi kugeuka rangi ya manjano kwa mabaka, kisha kukauka hata kama zinanyweshewa maji. Zikivutwa kwa mkono huinuka kama mkeka, kwa kuwa hazina mizizi ya kuzishika. Katika shamba la mahindi au viazi, miche hudumaa na kunyauka, na viazi huchimbuliwa vikiwa na mashimo. Dalili ya pili huletwa na wanyama. Marekani, wanyama wadogo wa usiku hufukua nyasi wakitafuta mabuu. Kwetu ndege kwarara hudunga nyasi kwa mdomo wake mrefu uliopinda, na wenye nyumba humfukuza wakidhani yeye ndiye mharibifu. Kwa kweli huyo ni mgeni aliyekuja kutoa habari.

Hata hivyo, ukavu na magonjwa ya mimea nayo huleta mabaka. Kwa hiyo hatuna budi kuchimba kabla ya kuhukumu. Kata kipande cha nyasi chenye upana wa sentimita 30 kila upande, chimba hadi sentimita 10, kisha uhesabu mabuu. Rudia mahali kadhaa, hasa pembeni mwa mabaka, ambapo nyasi zilizokufa hupakana na zilizo hai. Buu mmoja au wawili si janga, kwani nyasi zenye afya huwastahimili. Wakifika watano hivi au zaidi katika kipande kimoja, hatua inastahili kuchukuliwa.

Lipo pia jaribio jepesi la kumtenga mla mizizi na mla samadi. Mweke buu juu ya sakafu au ubao. Mabuu wa jamii ya yule mbawakawa wa kijani hujigeuza na kutambaa kwa mgongo, miguu ikitazama juu. Tabia hiyo wanayo pia jamaa zao wa Afrika wanaopatikana katika marundo ya mbolea. Buu anayetambaa kwa mgongo kwa kawaida ni mwozeshaji wa takataka, na kumuua ni kumfukuza kibarua asiyedai ujira.

Udhibiti

Hatua ya kwanza ni taa. Katika wiki ambazo mbawakawa huruka kwa wingi, zima taa za nje zisizohitajika na ufunge mapazia. Mdudu huyu haumi watu wala haambukizi maradhi. Anayeingia sebuleni atolewe tu nje. Beseni la maji ya sabuni chini ya taa moja litawanasa baadhi yao. Halitaimaliza jamii nzima, lakini litakujulisha majira yao yameanza lini.

Hatua ya pili ni udongo na nyasi. Nyasi zisikatwe hadi zikaribie ardhi. Zikiachwa na urefu wa sentimita 7 au 8, mizizi hushuka chini na kustahimili kuguguniwa. Zinyweshewe maji mengi mara chache badala ya kidogo kila siku. Anayelima mahali palipokuwa na nyasi kwa miaka mingi asipande mahindi au viazi mara moja, kwa maana mabuu waliokuwa wakila mizizi ya nyasi watahamia kwenye miche. Alime mara mbili au zaidi na kuwaachia kuku uwanja. Yangeyange watakuja wenyewe nyuma ya jembe.

Hatua ya tatu ni maadui wa asili. Mnamo 1879, mwanasayansi Élie Metchnikoff alichunguza kuvu waliowaua mabuu wa mbawakawa wa ngano karibu na Odessa. Kuvu hao leo hujulikana kwa jina la Metarhizium, na jamaa zao wamefanyiwa utafiti mwingi katika kituo cha kimataifa cha wadudu cha icipe hapa Nairobi, kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Ipo pia minyoo midogo sana iitwayo nematodi, inayoingia mwilini mwa buu na kumuua. Viumbe hawa huwekwa jioni katika udongo wenye unyevu, kwa kuwa jua na ukavu huwaangamiza. Ni vyema kujua kwamba bakteria wanaouzwa Marekani dhidi ya mbawakawa wa Kijapani hawafai kwa mabuu wa Phyllophaga. Hapa tena, jina sahihi huokoa fedha.

Dawa ya kemikali iwe hatua ya mwisho. Hufanya kazi kwa mabuu wachanga walio karibu na uso wa ardhi. Mabuu wakubwa huhimili sumu nyingi, huku nyungunyungu na nyuki wakiumia. Hapa ndipo pupa ile ya haraka inapomponza mkulima. Anayelazimika kuitumia asome maelezo ya pakiti na awazuie watoto na mifugo.

Kalenda ya kwetu

Phyllophaga si wa kwetu, lakini Afrika ina jamaa zake wengi, wakiwemo wa jenasi ya Schizonycha, ambao mabuu wao hula mizizi ya nafaka na nyasi. Jirani zetu wa Tanzania wamesumbuliwa na buu wa aina hii, Cochliotis melolonthoides, katika mashamba ya miwa yaliyo kusini mwa Moshi. Kwetu hakuna baridi inayogandisha ardhi, na mzunguko wao aghalabu ni mfupi kuliko miaka 3. Kinachowatoa ardhini ni mvua za kwanza baada ya kiangazi. Katika nyanda zetu za juu, Juni ni mwezi wa baridi na mawingu. Anayewasubiri mwezi huo amechelewa. Saa yake ni Machi na Aprili, au Oktoba na Novemba, mvua inapopiga ardhi kavu na taa zikazingirwa na mabawa. Wiki chache baadaye ndipo mabuu wachanga watafutwe kwa jembe.

Hitimisho

Tumeona kwamba hekima yote ya kumdhibiti mdudu huyu inategemea kumjua ni nani, yuko katika hatua gani, na ni majira gani. Mkulima aliye na neno moja tu, mdudu, atakuwa na dawa moja tu. Sisi tunaosomea Kiswahili tuna kazi hapa. Mwandishi wa makala haya anapendekeza jamaa wa kwetu aitwe mbawakawa wa mvua, ili jina lenyewe limkumbushe mkulima wakati wa kuchimba. Wenye pendekezo bora walilete. Na kabla ya kuunda istilahi mpya, tuwaulize wazazi wetu mashambani wanamwitaje yule buu mweupe wanayemfukua kwa jembe, na wanamwitaje akishaota mabawa. Huenda lugha zetu ziliwatenga zamani, nasi tukawachanganya katika tafsiri.