Ufadhili wa riadha katika vyuo vya Marekani: somo kwa wanariadha na wazazi

Mwanafunzi anayekimbia vizuri anaweza kusomea Marekani bila familia yake kuuza shamba. Vilevile familia inaweza kuuza shamba na mtoto asisafiri. Mara nyingi tofauti huletwa na vyeti, hesabu na subira kuliko kasi ya miguu. Ukimaliza somo hili, utaweza kusoma barua ya ufadhili na kutambua mtu anayetaka kukulaghai.

Njia iliyofunguliwa zamani

Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State University alipovunja rekodi nne za dunia mwaka wa 1978, katika muda wa siku 81. Sally Kipyego alianzia chuo cha miaka miwili cha South Plains, Texas, kisha akahamia Texas Tech, akashinda mataji 9 ya vyuo vikuu na kusomea uuguzi. Mwaka wa 2012 alipata nishani ya fedha ya mita 10,000 katika Olimpiki za London. Sharon Lokedi alisomea University of Kansas kabla ya kushinda New York Marathon mwaka wa 2022.

Wote walikwenda kama wanafunzi. Anayeshindwa masomo haruhusiwi kukimbilia chuo, hata akiwa na kasi namna gani.

Vyuo si vya aina moja

Chama kikubwa zaidi cha michezo ya vyuo ni NCAA, chenye vyuo zaidi ya 1,000 katika madaraja matatu. Daraja la Kwanza na la Pili hutoa ufadhili wa michezo. La Tatu halitoi, ingawa chuo chaweza kumsaidia mwanafunzi kwa sababu ya alama zake au hali ya familia yake. Chama cha NAIA kina vyuo vidogo vinavyofadhili wanamichezo pia. NJCAA ni cha vyuo vya miaka miwili. Mwanafunzi akimaliza huko huweza kuhamia chuo kikuu, kama alivyofanya Kipyego.

Kwa hiyo usidharau chuo kwa sababu hujawahi kulisikia jina lake.

Kocha huangalia nini

Kocha aliye Marekani hawezi kuja kwenye kila uwanja wa shule. Hutegemea muda ulioandikwa katika matokeo rasmi. Muda uliopimwa kwa saa ya mkononi na mwalimu wakati wa mazoezi hauna uzito sawa na ule wa mashindano yanayotambuliwa. Ukimwandikia kocha, taja tarehe, uwanja, umbali, muda na nafasi uliyopata. Taja pia mwinuko wa mahali: Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na kocha anayeelewa riadha ya masafa hujua kwamba muda wa huko hauwezi kulinganishwa moja kwa moja na wa pwani.

Andika mwenyewe, kwa ufupi na kwa ukweli. Anwani za makocha zipo kwenye tovuti za vyuo, na kuzitafuta hakuhitaji malipo kwa mtu yeyote.

Vyeti: hapa ndipo wengi hukwama

1. Jina na tarehe ya kuzaliwa ziwe sawa katika cheti cha kuzaliwa, cheti cha KCSE na pasipoti. Umri uliopunguzwa ili mtoto akimbie na wadogo humfuata hadi kwenye mahojiano ya viza.
2. Tunza ripoti za shule za kila muhula. NCAA huangalia masomo ya msingi ya miaka yote ya sekondari, yakiwemo Kiingereza, Hisabati, Sayansi na masomo ya jamii. KCSE pekee haitoshi.
3. Vyuo vingi hutaka mtihani wa Kiingereza. Uliza chuo kinakubali upi kabla ya kulipia.
4. Usikae muda mrefu baada ya kumaliza shule huku ukishindania zawadi za pesa. Unaweza kupoteza misimu ya kukimbilia chuo.

Barua ya ufadhili husomwaje?

Neno "ufadhili" halimaanishi kwamba kila kitu kimelipwa. Ufadhili mwingi ni wa sehemu tu, na mara nyingi huandikwa kwa mwaka mmoja mmoja.

Tuchukue mfano. Gharama za chuo kwa mwaka ni dola 40,000, na kocha ameahidi asilimia 60. Chuo kitatoa dola 24,000, na zitabaki dola 16,000. Tukihesabu dola moja kwa shilingi 130, familia itadaiwa shilingi 2,080,000 kila mwaka. Nauli, ada ya viza na bima huenda zisiwe ndani ya hesabu hiyo. Kazi ndogo za chuoni hazitaziba pengo hilo, kwa kuwa viza ya mwanafunzi humruhusu kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula.

Ahadi ya simu si barua. Subiri makubaliano yenye sahihi ya chuo.

Mawakala

Wapo wanaotoa ushauri wa kweli. Lakini sheria za NCAA haziruhusu malipo ya wakala yategemee mwanafunzi kupata ufadhili. Anayesema "utanilipa asilimia fulani ukipata" anaweza kumfanya mtoto akose ruhusa ya kushindana.

Nchini mwetu wazazi wameshapoteza akiba zao kwa ahadi za masomo ya ng'ambo. Usitume karo kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Usimwachie mtu pasipoti au vyeti halisi. Mtu akidai anaweza kukuhakikishia viza, achana naye: uamuzi wa viza ni wa ubalozi peke yake.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Chuo hiki kiko katika chama na daraja gani?
2. Ni shilingi ngapi zitabaki kwetu kila mwaka, hadi mwaka wa nne?
3. Mtoto akiumia au kocha akihama, barua inasema nini?
4. Kozi anayoitaka inafundishwa hapo?
5. Asipokimbia tena, shahada hiyo itamfaa?

Kama swali la pili halina jibu lililoandikwa, msitie sahihi. Mpelekeeni barua mwalimu mkuu au mwalimu wa michezo aisome pamoja nanyi.